Gari Lisilo na Pindo

Ukitaka kumjua Bi Pindo, usianze na uso wake. Shika sketi ya mwanafunzi yeyote wa ile shule iliyo nyuma ya soko, igeuze ndani nje, utazame chini. Utakuta vidole vinne vizima vya kitambaa vimekunjwa na kushonwa kwa mkono, kwa uzi mwepesi unaofumuka bila kuacha alama. Mafundi wengine huacha kidole kimoja, na kitambaa kinachobaki wanakijua wenyewe kinakokwenda. Yeye huacha vinne kwa sababu, kama anavyowaambia wazazi, mtoto hangoji mshahara wa baba yake upande ndipo arefuke. Shule zikifunguliwa, nguo za mwaka jana zinarudi dukani kwake. Anafumua, anashusha, anapiga pasi, na mtoto anaingia darasa jipya kwa sketi ileile bila mtu kujua kuwa ni ileile.

Hapo ndipo jina la Pindo lilipotoka. Lile la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho.

Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Ndani mna cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Mna meza ya kukatia ambayo zamani ilikuwa mlango wa mtu. Mna pasi, chaki, na majora ya kaki yaliyopandana hadi karibu na dari. Bi Pindo ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini na sita, na miwani yake huning'inia kifuani kwa kipande cha lastiki. Hasemi sana. Mteja akija na maneno mengi, anamzungushia tepu kiunoni, na mtu yeyote akipimwa kiuno hubana pumzi akanyamaza.

Sasa toka nje. Mbele ya duka, mahali ambapo ungetegemea kuona baiskeli, limesimama gari jekundu la milango miwili, lenye pua ndefu na mgongo ulioinama nyuma kama paka anayejiandaa kuruka. Wageni huuliza mwenye gari yuko wapi. Naye, sindano zikiwa mdomoni, hujibu bila kuinua kichwa: "Unaongea naye. Umekuja kwa suruali au kwa maswali?"

Gari lilikuwa la kaka yake. Wazazi wao walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake kabla mwaka haujaisha, yeye alikuwa na miaka tisa na Kaka ishirini na mmoja. Kaka ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, mpaka majirani wakamwonea huruma mtoto. Kaka ndiye aliyemlipia chuo cha ushonaji kwa mshahara wa mwalimu wa udereva. Na alipofikisha miaka mingi ya kuwafundisha watu wengine kwenye magari mabovu ya shule, akanunua lake, hili jekundu, lililokwisha kutumiwa na wenye nalo wawili, akalitunza kama mboni ya jicho. Mdogo wake alijifunzia humo.

"Kona haikatwi," alikuwa akimwambia. "Kona inashonwa. Unavyopitisha kola kwenye cherehani, unaisukuma?"

"Naiongoza tu, Kaka."

"Basi na usukani ni hivyohivyo. Miguu ya gari ndiyo inayofanya kazi. Wewe ongoza."

Miaka miwili iliyopita macho ya Kaka yalianza kumwacha. Namba za magari ya mbele zikawa ukungu, na daktari akamkataza kuendesha. Siku hiyohiyo alikuja dukani, akaweka ufunguo juu ya meza ya kukatia, katikati ya mkasi na chaki.

"Sikupi," alisema. "Nakukabidhi. Kuna tofauti."

"Tofauti gani?"

"Nikikupa ukaliharibu, umeharibu lako. Nikikukabidhi ukaliharibu, umeharibu letu."

Na kosa alilokuja kulifanya Bi Pindo ni kosa ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya.

Mwenye duka la vipuri, jirani yake, mtu wa utani asiyejua kupumzika, alikuja siku moja kushonewa vifungo akasimama kulitazama gari. "Bi Pindo, gari zuri, ila suruali imepanda," alisema. Akapitisha mkono wake wote katika nafasi iliyokuwa kati ya tairi na bodi. "Ona hapa. Limevaa nguo ya mdogo wake. Ukutani kwangu nina kalenda yenye gari kama hili, bodi imeshuka mpaka inabusu tairi. Wewe fundi mzima unalitembeza hivi?"

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Lakini ukimwambia fundi cherehani kwamba kitu chake kimevaa vibaya, umemchoma pabaya. Alichukua tepu, akapima, akaona inchi mbili zimezidi. Kesho yake akalipeleka kwa mchomeleaji wa barabara ya pili, wakazitoa springi zote nne, naye mwenyewe akachora kila moja kwa chaki yake, inchi mbili kutoka mwisho, kama anavyochora suruali. Mchomeleaji akakata. Gari likashuka inchi moja na kitu.

"Umekata kidogo," Bi Pindo akasema.

"Nimekata ulipochora, mama."

"Basi kata tena."

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Katika miaka ishirini na mitano ya kazi hakuna kitu alichokipunguza kikashindikana kuachiwa tena. Lisipopendeza, alijisemea, nitafumua. Haikumjia akilini kwamba chuma hakina pindo.

Likiwa limesimama, gari lilipendeza kuliko lile la kwenye kalenda. Lilipotembea ikawa habari nyingine. Springi fupi zilikuwa ngumu kama mawe, na kwenye kila tuta gari lilikalia zile raba za mwisho zinazozuia chuma kisigonge chuma, na kishindo chake kikapanda kupitia kiti hadi kwenye meno. Kwenye kona, gari lililokuwa likiteleza kama sindano ya cherehani iliyotiwa mafuta, sasa liliruka mishono. Tangu siku hiyo Bi Pindo alikwenda kwa kaka yake kwa miguu. Akiulizwa, alisema gari liko mbali kidogo. Mwezi mzima gari lilikuwa mbali kidogo.

Kisha Kaka akainua mtungi wa gesi ambao mkewe alimkataza kuuinua, ngiri ikambana, akakimbizwa hospitali akapasuliwa.

Bi Pindo alimkuta kwenye kitanda cha dirishani, amekonda usoni, wifi yake akiwa ameketi pembeni akimenya chungwa. Kaka akafunua shuka kidogo kuonyesha bandeji.

"Wamenishona," alisema. "Mishono kumi na miwili. Uzi wenyewe eti unayeyuka. Na wewe unao huo?"

"Ningekuwa nao ningefunga duka. Wateja wangerudi uchi."

"Usinichekeshe, nitafumuka."

Wifi hakucheka. "Wifi yangu, nisaidie kumwambia huyu mtu. Natafuta gari kubwa la kukodi, lenye viti vya maana, limchukue siku akiruhusiwa. Hataki."

"Nimeingia humu kwa machela," Kaka akasema. "Nitatoka kwa gari langu. Pindo atanifuata. Au liko mbali?"

Bi Pindo alitazama chungwa. Angeweza kusema palepale. Lakini tangu siku ile ya ufunguo, mtu huyu aliyemlea hakuwa amemwomba kitu kingine chochote. "Liko karibu, Kaka. Nitakuja."

Nesi aliyekuwa akiandika kwenye kadi ya kitanda akainua kichwa. "Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Ila nawaambia mapema, sitaki arushwerushwe. Tumbo likitikiswa huo mshono utafunguka, na mtamrudisha hapa akilia."

"Kutoka hapa mpaka kwangu ni matuta tisa," Kaka akasema, kama mtu anayetaja watoto wake.

Siku tisa, matuta tisa. Bi Pindo alirudi dukani kwake akiwa na jambo moja tu kichwani: kumfikisha kaka yake nyumbani, ndani ya gari lile, bila mshono kuguswa.

Kabla ya kutafuta fundi alitaka kujua ubaya ni mkubwa kiasi gani, na alikuwa na njia yake ya kupima. Alichukua majora mawili ya kaki, ambayo kwa pamoja yalikaribia uzito wa Kaka, akayakalisha kwenye kiti cha abiria, akayafunga mkanda. Kisha, mahali ambapo tumbo lingekuwa, akapiga bandi, yaani ile mishono mirefu na milegevu ya kushikiza tu kabla ya kushona kwenyewe. Alipiga kumi na miwili, kutoka kwenye kaki hadi kwenye kitambaa cha kiti. Uzi wa bandi ukivutwa ghafla hukatika. Majora yakirushwa, bandi zingemwambia.

Mwenye duka la vipuri alimwona akiwasha gari. "Bi Pindo, leo umepata mchumba?"

"Asiyesema. Nimemtafuta muda mrefu."

Alikwenda hospitali na kurudi. Tuta la pili tu lilikuwa limekwisha kukata bandi zote.

Wanaojua walimwelekeza kwa fundi mmoja aitwaye Miguu. Hakuwa na kasoro yoyote ya miguu. Aliitwa hivyo kwa sababu hakugusa kitu kingine chochote cha gari ila kile kilichoko kati ya bodi na barabara, ambacho mafundi hukiita miguu ya gari. Ukimpelekea injini anakuonyesha mlango. Alikuwa mrefu sana, kiasi kwamba aliingia chini ya gari kwa awamu, kwanza kichwa, kisha mabega, na muda mrefu baadaye ndipo viatu vikafuata.

Miguu aliweka viganja juu ya boneti akaisukuma kwa uzito wake wote. Gari halikutikisika. Akaliinua kwa jeki mpaka tairi likaning'inia, akapenyeza mkono, na kwa vidole viwili akaizungusha springi mahali pake.

"Mama, hii inacheza kama bangili. Nani kakata?"

"Mimi."

"Ulishika mashine?"

"Nilishika chaki."

"Basi ni wewe kweli."

"Nina vipande vilivyokatwa," Bi Pindo akasema. "Tunaweza kuviunga."

"Chuma hiki ukikichomelea kitakatika, tena siku ukiwa barabarani na mtu unayempenda."

Bi Pindo alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni lake. Fundi akageuka kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kisha Bi Pindo akatoa wazo lake jingine. Dukani kwa jirani wa vipuri alikuwa ameziona seti za kisasa, springi pamoja na shokapu, yaani bomba la mafuta linaloituliza springi, zenye pete unayoizungusha ukapandisha au kushusha gari upendavyo. Alizipenda mara moja, na sababu haikuwa siri: zile zilikuwa na pindo.

"Za kweli zinauzwa zaidi ya cherehani zako zote mbili," Miguu akasema. "Zile ambazo unaziweza ni rangi tu. Rangi nzuri, sikatai. Baada ya miezi mitatu mafuta yote ya shokapu yako chini ya gari. Una nini mkononi?"

"Pesa ya overloki, ile mashine ya kushona kingo. Nilikuwa najiwekea."

"Mpya au ya kutumika?"

"Ya kutumika."

Miguu akafikiri, akijipigapiga spana pajani. Kisha akalala, akaingia chini kwa awamu zake, akatoka na kipande cha raba nyeusi kilichovunjika kiganjani mwake kama ganda la mkate ulioungua.

"Hii inaitwa bushi. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma huku chini, raba kama hii inakaa katikati. Zako zote zimeoza. Watu wananunua springi za mashindano huku bushi zimeoza. Ni suti juu ya fulana iliyochanika, si ndiyo kazi yako hiyo? Tunaanza na hizi, si ghali. Shokapu za nyuma bado zina roho, tunaziacha. Za mbele zimekufa, tunanunua mpya, za kawaida lakini za jina. Springi ndiyo kazi. Gari hili lina ndugu yake, umbo hilihili ila injini yake ni nzito, na springi zake ni ngumu kidogo na fupi kidogo. Kidogo tu. Hizo hazikukatwa kwa chaki, zilitoka kiwandani hivyo. Ukizipata, gari litakaa chini kidogo, litashika kona, na halitampiga mtu. Ila zinapatikana skrepa tu, na zinachanganywa ovyo. Mbili za mbele lazima zifanane, mbili za nyuma zifanane. Urefu, mizunguko, unene wa chuma."

"Nitakwenda mwenyewe."

"Unene utaupimaje? Kipimo changu kimevunjika."

"Nina uzi," akasema Bi Pindo.

Uwanja wa skrepa ulikuwa upande wa pili wa reli, na mwenye uwanja aliketi langoni kwenye kiti cha gari kisichokuwa na gari. Alimtazama yule mwanamke wa miwani akivaa glavu na kupotea kati ya mabodi. Springi zilikuwa rundo la kumfika kifuani. Bi Pindo alizipanga kwanza kwa urefu, kwa tepu. Kisha akahesabu mizunguko. Zilizobaki akazipima kwa njia ambayo mwenye uwanja aliinuka kwenye kiti chake kuja kuishangaa: aliuzungusha uzi mara kumi kwenye chuma, ukilala bega kwa bega bila kupandana, akakata, akaufungua na kuunyoosha juu ya tepu. Miguu alikuwa amemwambia unene unaotakiwa. Yeye alikuwa amekwisha kuugeuza kuwa urefu wa uzi na kuutia alama kwenye tepu.

Za nyuma alizipata kabla ya mchana. Ya mbele akapata moja, na mwenye uwanja akachomoa ya pili chini ya rundo, akaziweka pamoja.

"Haya, mama. Mapacha hawa."

Bi Pindo akazungusha uzi. Ukapungua kwa upana wa kidole.

"Mapacha wa baba mbalimbali," akasema.

"Kidole kimoja katika mara kumi? Huo ni unywele. Nani ataona?"

"Macho hayataona. Tumbo la kaka yangu litaona."

Alirudi siku ya pili, na ya tatu. Duka lilikuwa limefungwa, na watu walioahidiwa suruali walikuwa wameanza kulalamika kwa mwenye duka la vipuri kana kwamba yeye ndiye mumewe. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, chini ya bodi lisilo na milango, akaipata. Uzi ukalala juu ya alama bila kuzidi wala kupungua.

Alipozishusha zote nne gereji, Miguu alizipanga sakafuni akazitazama kwa muda mrefu. Akasikiliza habari ya pacha aliyekataliwa. Akaomba uzi, akapima mwenyewe mara mbili.

"Ile nyingine ningeifunga," alisema hatimaye. "Nisingejua. Ungekuwa ukifunga breki gari linakuvuta upande, unarudi kwangu, nabadilisha hiki na kile, nakula pesa yako, na wala nisingejua kwa nini." Akamrudishia uzi kwa mikono miwili. "Haya, fundi. Tufanye kazi."

Mpaka wakati huo alikuwa akimwita mama.

Kazi ilichukua siku mbili. Bushi za zamani zilitoka kwa vipande, nyingine kwa kuchongwa. Mpya ziliingia kwa sabuni na subira. Shokapu za mbele zikafungwa, springi zikakaa mahali pake, na safari hii hakuna iliyozunguka kama bangili. Bi Pindo alishika taa, alipitisha spana, na hakuuliza kitu kisichohitajika. Walipofika mwisho, Miguu akasema akiwa chini ya gari, "Sasa nati hizi za bushi sizikazi kwanza."

"Kwa sababu gari halijasimama."

Mabega yakatoka, kichwa kikafuata. "Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Suruali huipindi mtu akiwa amelala. Anasimama, anavaa viatu vyake, anashusha pumzi, ndipo unapinda. Ukipinda akiwa amelala, akisimama inamvuta."

Miguu alikaa kitako sakafuni. "Miaka thelathini nawaeleza watu kitu hicho. Bushi ukiikaza gari likining'inia, likishuka raba inajisokota, mwaka hauishi imechanika. Nawaeleza wananitazama. Leo nimeelezwa mimi."

Wakalishusha gari juu ya shimo la gereji, likasimama kwa matairi yake. Bi Pindo akayakalisha majora yake ya kaki mbele, akaongeza jingine upande wa dereva badala yake mwenyewe, na Miguu akashuka shimoni akazikaza nati moja baada ya nyingine, gari likiwa limebeba watu wake wa kaki.

Kisha zikaja bandi tena, kumi na mbili. Alipotoka kwenye jaribio la kwanza nne zilikuwa zimekatika, akarudi gereji moja kwa moja. Miguu hakugusa springi. Aliinama kwenye matairi, akatoa upepo.

"Nani alijaza hivi?"

"Mchomeleaji. Alisema yakiwa magumu gari linakwenda vizuri."

"Huyo mtu asikukaribie tena hata kukuomba maji."

Jaribio la pili, Ijumaa alasiri, kumi na moja zilirudi nzima. Ya kumi na mbili ilikatika penye fundo, na hilo alijilaumu mwenyewe. Pesa ya overloki ilikuwa imekwisha, isipokuwa kiasi cha kununulia mafuta. Miguu alikataa kupokea malipo ya siku ya pili. Alisema amejifunza, na wanafunzi hawalipwi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, nesi alimsindikiza Kaka mpaka nje, mkono mmoja wa mgonjwa umemshika nesi, mwingine umeshika tumbo. Wifi alikuwa ametangulia nyumbani kuandaa chumba. Kaka hakuingia garini moja kwa moja. Alilizunguka taratibu, kama alivyozoea, akalipapasa bega. Kwenye tairi la mbele akachomeka vidole kati ya raba na bodi. Vikaingia vitatu. Akavitazama vile vidole, karibu na macho yake, kisha akavitia mfukoni.

"Twende," alisema.

Bi Pindo alifunga mlango wa kaka yake kwa mikono miwili. Tuta la kwanza lilikuwa palepale langoni, na aliliendea kama mtu anayeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Gari likapanda, likashuka, likatulia mara moja. Mkono wa Kaka ulikuwa juu ya tumbo, umetandazwa. Tuta la pili. La tatu. Baada ya la nne mkono ule ukaondoka tumboni, ukaenda kupumzika kwenye dirisha.

"Hizi si springi zangu," Kaka akasema.

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Mbele yao mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa matofali, na Bi Pindo alimfuata nyuma polepole, akashukuru kwamba ana mahali pa kutazama.

"Nilizikata, Kaka. Zako. Walinicheka kwamba gari limevaa nguo fupi, nikazikata kwa chaki, mara mbili. Nilidhani nikikosea nitafumua. Mwezi wote ule halikuwa mbali. Lilikuwa limeharibika, na niliona haya. Hizi ni za skrepa. Nimezipima moja moja."

Walipita tuta la tano, na la sita.

"Kwa kutumia nini?" Kaka akauliza.

"Uzi."

"Uzi?"

"Mizunguko kumi, halafu unaunyoosha."

Kaka aligeuza uso dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika, mpaka Bi Pindo akaogopa kwamba analia, akataka kusimamisha gari. Hakuwa analia. Alikuwa akicheka kwa kubana, mkono umerudi tumboni, machozi yakimtoka. "Uzi," alisema tena. "Nilimsomesha huyu."

Baada ya tuta la nane ilikuja kona ndefu, ile inayozunguka uwanja wa mpira, ambayo Kaka alikuwa akiwaleta wanafunzi wake wote kabla ya mtihani. Bi Pindo akaanza kukanyaga breki.

"Mbona unaogopa?"

"Mshono wako, Kaka."

"Mshono niko nao mimi. Ungeuma ningekuambia. Ongoza."

Akaachia breki. Akaongoza. Gari liliinama kidogo, likaegemea miguu yake ya nje, likaishika kona kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata mara moja, na Kaka, ambaye macho yake yasingemwonyesha mengi, aliyafumba kabisa. Barabara iliponyooka alisema neno moja tu, kwa sauti ya chini, la kujiambia mwenyewe: "Eeh."

Tuta la tisa lilikuwa hatua chache kabla ya nyumba. Wifi alikuwa amefungua lango lote, amesimama katikati na mto wa kumwegemeza mumewe, akiwaashiria waingie taratibu. Bi Pindo akapunguza mwendo, akawasha taa ya kuingia.

"Izime," Kaka akasema.

"Tumefika, Kaka."

"Naona tumefika. Sijawa kipofu kiasi hicho. Twende mpaka darajani tugeuze. Kuna kona mbili kule, na sijazisikia kwa springi hizi."

"Wifi ataniua."

"Ataniua mimi kwanza, na mimi nina cheti cha daktari."

Bi Pindo alimtazama kaka yake. Mkono wake ulikuwa dirishani, rangi imemrudi usoni, na hakuwa ameshika tumbo. Akazima taa. Akainua mkono kumwomba wifi yake radhi, akabadilisha gia, akapita. Kwenye kioo alimwona wifi akiwa amebaki katikati ya lango na mto wake kifuani, akilitazama gari jekundu likiteremka kuelekea darajani.